Mbwa Aliyevamiwa na Kundi la Nyuki: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo Chake

Mbwa aliyeumwa na nyuki mmoja au wawili huvimba pua, hulalamika kidogo, na kufikia kesho yake huwa amepona. Mbwa aliyevamiwa na kundi zima ni mgonjwa wa aina nyingine kabisa, na kosa linalowaua wengi katika maboma yetu nchini Uganda, kuanzia Arua na Koboko hadi Tororo na Kasese, ni kumtibu huyu wa pili kama yule wa kwanza. Anapewa kidonge cha mzio, uvimbe unapungua jioni, mwenye mbwa anamshukuru Mungu na kwenda kulala, na siku ya pili au ya tatu mbwa anakojoa mkojo mweusi, anakataa chakula na hatimaye anakufa, huku watu wakisema amekufa kwa ugonjwa mwingine.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwenye mbwa, askari mlinzi anayefanya kazi na mbwa usiku, na msaidizi wa mifugo wa gombolola (eneo la utawala lililo chini ya wilaya) ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuitwa. Unafuata dalili kadiri saa zinavyopita, kwa sababu katika sumu ya nyuki, saa ambayo dalili imejitokeza husaidia kutambua chanzo kuliko sura ya dalili yenyewe.

Sumu hii inafanya nini mwilini

Nyuki mmoja wa asali hubeba sumu kidogo sana, karibu mikrogramu 150, kiasi kisichofika hata robo ya miligramu. Takribani nusu ya sumu hiyo, ikishakauka, ni melitini, protini ndogo inayotoboa kuta za chembe hai. Pamoja nayo kuna kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi, ambacho huimalizia kazi hiyo kwa kuyavunja mafuta yaliyozijenga kuta hizo. Kuna pia kimeng'enya kinachofungua njia kati ya tishu ili sumu isambae, apamini inayosumbua neva, na histamini inayoleta uvimbe na maumivu. Melitini haichagui: inatoboa chembe nyekundu za damu, misuli, ini na figo, na kinachoamua madhara yake ni wingi wa sumu ukilinganishwa na uzito wa mnyama.

Ni muhimu kuyatenganisha mambo mawili tangu mwanzo. Mzio ni jibu la mwili wa mbwa dhidi ya sumu. Hutokea haraka, na mwiba mmoja unatosha kuuleta kwa mbwa ambaye mwili wake ulishazoeshwa kuichukia sumu hiyo. Sumu nyingi, kwa upande wake, haihitaji mzio wowote ili iue. Dawa ya mzio hutuliza lile la kwanza, lakini haiiondoi melitini katika damu wala haizibi tundu hata moja katika chembe iliyokwisha kutobolewa. Anayelielewa hili atajua kwa nini mbwa anayeonekana ametulia baada ya sindano bado anahitaji kuangaliwa kwa siku kadhaa.

Nyuki wa ukanda wetu wanajulikana kwa kulinda mzinga wao kwa pamoja na kwa ukali. Nyuki wa jamii hii walipelekwa Brazili kutoka Afrika mwaka 1956, makundi 26 yakatoroka mwaka 1957, yakachanganyika na nyuki wa huko na kuenea hadi kusini mwa Marekani. Ndiyo sababu mengi yanayojulikana leo kuhusu mbwa waliovamiwa na nyuki yameandikwa na madaktari wa huko, ingawa asili ya nyuki wenyewe ni huku kwetu.

Hali ya kwanza: mbwa bado amezingirwa

Mbwa aliye huru hukimbia, na mara nyingi huokoka akiwa na miiba michache. Anayepata mamia ya miiba karibu kila mara ni yule aliyefungwa mnyororo, aliyefungiwa bandani, au mtoto wa mbwa asiyejua pa kwenda. Kila nyuki anayeuma huacha mwiba wake pamoja na kifuko cha sumu, na mahali hapo hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita nyuki wengine waje kuuma papo hapo. Mbwa akipambana, akiwatafuna nyuki na kujibiringisha, harufu huzidi na nyuki huongezeka.

Asiende mtu aliyevaa fulana kumfungua. Avae nguo za mfugaji nyuki kama zipo, au ajifunike blanketi nzito, aufunike uso, afungue au aukate mnyororo, kisha amkimbize mbwa ndani ya chumba au gari linalofungika. Moshi mzito husaidia kupunguza ukali wa nyuki, lakini moto usiwashwe karibu na mbwa aliyefungwa. Maji matupu huwatawanya nyuki kwa muda mfupi tu, ilhali maji yenye sabuni huwaua walionata kwenye manyoya, kwa kuwa sabuni huyawezesha maji kuingia katika matundu wanayopumulia. Kikombe kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika ndoo ya lita 5 hivi kinatosha. Mmwagie mwilini na uepuke macho, pua na mdomo, kisha umsuuze baadaye.

Mafuta ya taa yasitumike kabisa, kwa kuwa huunguza ngozi, na mbwa akiyalamba yanaweza kuingia mapafuni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo karibu kila boma lenye mifugo inayo, haifai pia: amitrazi na dawa za jamii ya oganofosfati ni sumu kwa mbwa, na ngozi iliyojaa matundu ya miiba si mahali pa kuzimimina.

Kuhesabu miiba na kupima uzito

Mara mbwa anapokuwa mahali salama, miiba iondolewe bila kuchelewa. Kifuko cha sumu kina misuli inayoendelea kusukuma hata baada ya nyuki kuondoka. Ukiinama karibu na pua ya mbwa utaviona vifuko hivyo, vidogo kuliko punje ya uwele, vikipwita juu ya ngozi. Karibu asilimia 90 ya sumu huwa imeingia katika sekunde 20 za kwanza, na ndani ya dakika moja yote imekwisha kuingia. Mabishano ya kama ni bora kukwangua kwa kadi au kubana kwa kucha hayana faida, kwa sababu kinachopunguza sumu ni kasi. Baada ya dakika hizo, kuiondoa miiba kunabaki na faida mbili: kuzuia vidonda, na kujua idadi.

Idadi ndiyo kipimo cha kwanza cha hatari. Madaktari wengi hukadiria kwamba miiba 20 kwa kila kilo ya uzito inaweza kumuua mbwa, na wapo waliokufa kwa michache kuliko hiyo, kama wapo walioumwa zaidi wakapona kwa matibabu ya haraka. Mbwa wa kawaida wa kijijini mwenye kilo 15 hufikia kiwango hicho kwa miiba 300. Mtoto wa mbwa wa kilo 4 hukifikia kwa miiba 80 tu. Binafsi nashauri kwamba mbwa aliyepata miiba 5 au zaidi kwa kila kilo achukuliwe kuwa amepewa sumu, hata kama bado anatikisa mkia. Kwa yule wa kilo 15 hiyo ni miiba 75, na haihitaji muda mrefu kufika hapo.

Si lazima kuhesabu mwili mzima. Hesabu eneo la ukubwa wa kiganja sikioni, shingoni na tumboni, kisha ukadirie. Kuzunguka macho, ndani ya masikio na midomoni ndiko miiba hujaa, kwa kuwa nyuki hufuata pumzi na sehemu zenye giza. Fungua mdomo uangalie ulimi na kaakaa, kwa sababu mbwa huwadaka nyuki kwa meno. Nyuki wakionekana katika matapishi yake, jua kwamba kuna miiba hata kooni na tumboni ambayo hutaiona.

Kama hakuna mwiba hata mmoja lakini mbwa amevimba na analia, huenda waliomshambulia ni nyigu. Nyigu haachi mwiba na anaweza kuuma mara nyingi, kwa hiyo idadi ya nyigu haionyeshi idadi ya mara alizoumwa.

Uso umevimba, lakini mbwa anachangamka

Hapa chanzo ni sumu iliyobaki mahali ilipoingia, na miiba huwa michache. Kitambaa chenye maji baridi na kidonge cha klorofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, kwa kipimo kitakachotajwa na daktari wa mifugo kwa simu, vinatosha. Hakikisha kidonge ni klorofeniramini peke yake. Vidonge vya mafua huchanganywa na panadoli na dawa nyingine zinazomdhuru mbwa. Jicho linalofumbwa na kutoa machozi lichunguzwe siku hiyohiyo, kwani mwiba uliobaki kwenye mboni huendelea kuikwaruza.

Anatapika, anaharisha na kuanguka ndani ya nusu saa

Hali ikitokea upesi hivi, chanzo kinachopaswa kufikiriwa kwanza ni mshtuko wa mzio. Kwa binadamu mshtuko huu hujulikana kwa kubanwa na pumzi. Kwa mbwa ini na utumbo ndivyo hupigwa kwanza. Mbwa hutapika, hujisaidia ghafla, pengine pamoja na damu, miguu ya nyuma hulegea, na fizi hugeuka nyeupe kama karatasi. Vidonda au uvimbe wa ngozi huenda visionekane kabisa, jambo linalowafanya watu wafikiri kwamba mbwa amelishwa sumu.

Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha uachie. Kwa mbwa mzima rangi hurudi kabla ya sekunde 2 kupita. Ikichelewa zaidi, damu haizunguki ipasavyo, na huyo anahitaji daktari sasa hivi. Tiba ni adrenalini, miligramu 0.01 kwa kila kilo ndani ya msuli wa paja, ikifuatwa na dripu ya haraka kwenye mshipa na hewa ya oksijeni kama ipo. Klorofeniramini na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, huja baada ya adrenalini na hazichukui nafasi yake. Msaidizi wa mifugo anayekwenda kwenye tukio la nyuki bila adrenalini katika mfuko wake amekosa dawa iliyo muhimu kuliko nyingine zote, na ni dawa ya bei nafuu.

Vyanzo vingine viwili hufanana na hiki. Mbwa aliyelishwa sumu ya wadudu, kama kabofurani iliyowekwa kwenye nyama, hutokwa na mate mengi mfululizo, mboni za macho hupungua na kuwa kama tundu la sindano, na misuli hucheza chini ya ngozi. Mbwa aliyeumwa na nyoka huwa na uvimbe unaokua upande mmoja, mara nyingi mguuni au usoni, wenye alama moja au mbili zinazovuja damu. Miiba katika manyoya ndiyo huamua, kwa hiyo iliyong'olewa itunzwe ndani ya karatasi na ionyeshwe kwa daktari.

Anapumua kwa shida

Angalia ni saa ngapi zimepita. Akikoroma na kunyoosha shingo katika saa ya kwanza, chanzo ni uvimbe wa koo na ulimi. Huyu asifungwe kamba shingoni, asilazimishwe kunywa chochote, na abebwe akiwa ameinua kichwa. Akianza kuhema kwa haraka siku ya kwanza au ya pili, zaidi ya pumzi 40 kwa dakika akiwa amelala kivulini, chanzo huenda ni mapafu yaliyojeruhiwa na sumu au matapishi yaliyoingia mapafuni. Kwa aliyewekewa dripu kuna chanzo cha tatu: maji mengi kuliko figo zinavyoweza kutoa. Hapo dripu ipunguzwe au isimamishwe kwanza, na daktari aitwe.

Mkojo mwekundu, wa rangi ya chai au mweusi

Dalili hii ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote katika mwongozo huu, na kwa bahati mbaya ndiyo isiyoonekana, kwa kuwa mbwa wetu hukojoa gizani, kwenye majani au kwenye udongo mwekundu. Mbwa aliyevamiwa na nyuki afungwe kwa kamba ndefu mahali penye saruji au awekewe gunia jeupe, na mkojo wake uangaliwe kila mara kwa siku tatu. Ukiweza, kinga kidogo kwa kikopo safi.

Mimina mkojo huo katika glasi angavu au chupa ya plastiki isiyo na rangi, uache utulie mahali pamoja kwa saa kadhaa, kisha utazame ukiwa umeinuliwa kwenye mwanga. Kama wekundu umeshuka chini na juu pamebaki maji ya njano, hiyo ni damu halisi kutoka kwenye kibofu au njia ya mkojo. Kama rangi imebaki ileile kutoka juu hadi chini, hakuna chembe za kuzama. Kilichomo ni hemoglobini, yaani rangi nyekundu ya damu, iliyomwagika kutoka katika chembe nyekundu zilizopasuka, au mioglobini iliyotoka katika misuli iliyojeruhiwa. Kituo chenye mashine ya kuzungusha damu kinaweza kuzitenganisha hizi mbili: maji ya juu ya damu yakiwa mekundu, chembe za damu zinapasuka, yakiwa meupe ilhali mkojo ni wa kahawia, chanzo ni misuli. Nyuki huweza kuleta zote mbili kwa pamoja.

Hemoglobini na mioglobini zikipita kwenye figo kwa wingi huziba na kuziunguza njia ndogo za kuchujia, na hilo hutokea wakati ambapo shinikizo la damu limeshuka na sumu yenyewe inazishambulia figo moja kwa moja. Dripu inayotolewa mapema hulinda figo, na tofauti kati ya kuianza saa ya pili na kuianza siku ya pili ni kubwa mno. Ringa Lakteti, dripu ya maji yenye chumvichumvi, inafaa na hupatikana katika maduka ya dawa ya binadamu hata kwenye miji midogo. Maji yaliyodungwa chini ya ngozi hayamsaidii mbwa aliye katika mshtuko, kwa sababu damu haifiki huko kuyachukua.

Katika nchi yetu mkojo mwekundu una chanzo kingine cha kawaida sana, nacho ni babesia, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na kupe. Mbwa mwenye babesia huwa amepoteza hamu ya kula kwa siku kadhaa kabla ya mkojo kubadilika, ana homa, na kupe huonekana masikioni na kati ya vidole. Mkojo wa sumu ya nyuki hubadilika ndani ya saa chache hadi siku mbili baada ya tukio linalojulikana. Hata hivyo magonjwa haya mawili hayazuiani, na mbwa aliyekuwa akiishi na babesia kimyakimya anaweza kuamshiwa ugonjwa huo na sumu. Tone la damu kutoka ncha ya sikio, likipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, hutoa jibu. Kumdunga diminazini, dawa ya babesia, kwa kubahatisha, bila kipimo, ni kumwongezea dawa nzito mnyama ambaye ini na figo zake zimekwisha kuumizwa.

Amekoma kukojoa, au anakojoa matone

Mbwa mwenye figo nzima na anayepewa maji ya kutosha hutoa mililita 1 hadi 2 za mkojo kwa kila kilo kwa saa. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni karibu mililita 360 kwa siku, ikiwa ni kiwango cha chini. Akipitisha saa 12 bila kukojoa ilhali anapewa dripu, zipo sababu tatu za kuchunguza kwa mpangilio: bado ana upungufu wa maji, kibofu kimejaa lakini hawezi kusimama na kukojoa, au figo zimefunga. Ya pili hugunduliwa kwa kupapasa tumbo la nyuma kwa upole. Ya tatu huthibitishwa kwa kupima kreatinini, taka ambayo figo huichuja, katika damu, na kipimo hicho kirudiwe baada ya saa 24, 48 na 72, kwa kuwa siku ya kwanza kinaweza kutoka kizuri kabisa. Maabara ya kituo cha afya inaweza kupima damu ya mbwa. Daktari wa mifugo wa wilaya akiomba kwa heshima, mara nyingi husaidiwa.

Fizi za manjano au nyeupe siku ya pili na kuendelea

Manjano humaanisha kwamba chembe nyingi nyekundu zimepasuka, au ini limejeruhiwa, au yote mawili. Weupe bila mshtuko humaanisha upungufu wa damu. Kuna hali inayohitaji kutajwa peke yake: baada ya sumu kuondoka, mwili wa mbwa unaweza kuzigeukia chembe zake zilizojeruhiwa na kuzishambulia, hivyo damu ikaendelea kupungua kwa siku nyingi baada ya nyuki kusahaulika. Hapa ndipo dawa za jamii ya steroidi zina kazi yake halisi, kwa usimamizi wa daktari. Kiwango cha damu kikishuka sana, mbwa mkubwa mwenye afya kutoka boma la jirani anaweza kumtolea damu; daktari aliyezoea mbwa analifahamu jambo hili.

Madoa madogo mekundu kwenye fizi au tumboni, au damu isiyokoma mahali alipodungwa sindano, ni ishara kwamba uwezo wa damu kuganda umevurugika. Ni dalili mbaya, na mbwa wa namna hiyo asitibiwe nyumbani.

Anatapika vitu vya kahawia, au kinyesi ni cheusi

Tumbo na utumbo vinavuja damu. Chanzo chaweza kuwa sumu yenyewe, lakini uliza kwanza ni dawa gani amepewa. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa nyingine za maumivu za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuziumiza figo, na zikipewa pamoja na deksamethasoni madhara huzidi maradufu. Mchanganyiko huo wa sindano mbili hutolewa mara nyingi kwa nia njema, kwa sababu mbwa anaonekana ana maumivu. Maumivu ni ya kweli na yanastahili tiba, lakini kwa dawa za jamii ya tramadoli au mofini ambazo daktari atachagua.

Kwa mantiki hiyohiyo, gentamisini na oksitetrasaiklini, ambazo ni dawa za kuua bakteria, zisidungwe kwa mazoea. Miiba ya nyuki si maambukizi, na dawa hizo zinaweza kuwa mzigo kwa figo zinazopigania uhai. Maziwa, mayai mabichi, mkaa na mafuta ya kula visimiminwe mdomoni mwa mbwa aliyelegea. Haviondoi sumu iliyo katika damu, na vikiingia mapafuni humletea nimonia.

Anatetemeka, anayumba, uso umepooza, au ana degedege

Sumu nyingi hugusa neva, na joto la mwili linaweza kupanda kupita nyuzi 40, wakati la kawaida kwa mbwa ni 38 hadi 39.2. Joto likipanda mloweshe kwa maji ya kawaida na umpepee. Degedege lizuiwe na daktari kwa diazepamu. Asiwekwe kijiko wala mkono mdomoni.

Ikiwa miiba haipo na hakuna aliyewaona nyuki, mbwa mwenye taya lililolegea, anayetokwa na mate na kubadilika tabia, afikiriwe kuwa na kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vinginevyo. Asishikwe bila kinga, na daktari wa mifugo wa wilaya aarifiwe. Hili nalisisitiza kwa sababu maisha ya watoto wa boma ni ya thamani kuliko haraka yoyote ya kumsaidia mbwa.

Amfikishe wapi, na akae kwa muda gani

Kwa aliye Kampala, kliniki binafsi za wanyama wadogo zipo, na Chuo Kikuu cha Makerere kina kliniki yake. Kwa aliye Arua, safari ya zaidi ya kilomita 450 na mbwa aliye katika mshtuko haina maana. Aanziwe dripu hapo alipo, kisha uamuzi wa kusafiri ufanywe akiwa ametulia. Akipelekwa kwa bodaboda, alazwe kwenye kreti au gunia lililofunguliwa upande wa kichwa, na mtu wa pili aangalie fizi njiani.

Mbwa aliyepata miiba mingi akae chini ya uangalizi kwa saa 72 hata kama anakula. Mkojo ukibaki wa njano, fizi zikawa za waridi na kreatinini isipande kwa muda huo wote, kipindi kibaya zaidi kimepita. Arudi kupimwa damu baada ya wiki moja na tena baada ya wiki mbili, kwa ajili ya lile tatizo la mwili kuzishambulia chembe zake. Daktari amwandikie mwenye mbwa onyo kwamba mbwa huyu huenda sasa ana mzio, na mwiba mmoja wa siku zijazo unaweza kumwangusha.

Chanzo cha chanzo: kwa nini nyuki walimvamia

Ukishamtibu mbwa, itafute sababu kabla hujamrudisha palepale. Mara nyingi ni kelele na mtikisiko: mashine ya kukata nyasi, jenereta, au watoto waliorusha jiwe kwenye mti wenye mzinga. Wakati wa kiangazi kaskazini, nyasi zinapochomwa, makundi hufukuzwa na moshi na hufika bomani yakiwa na hasira. Wakati huohuo nyuki hutafuta maji, na bakuli la mbwa au jerikeni inayovuja ndiyo kisima chao cha karibu. Uvunaji wa asali uliofanywa mchana, au mzinga ulioachwa wazi, huwaacha nyuki wakiwa wakali hadi kesho yake.

Banda la mbwa na mizinga visiwe pamoja. Naona mita 100 ni kiwango cha chini, na ua wa miti katikati huwalazimisha nyuki kuruka juu. Usiku wa kuvuna, mbwa wote wafungiwe ndani ya nyumba. Mnyororo, kama hauepukiki, uwe na kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja, na banda liwe na mlango ambao mbwa anaweza kuusukuma akiwa ndani. Mahali pa kulindwa usiku, askari aonyeshwe ni chumba gani atamkimbizia mbwa.

Nyuki waliojenga kwenye dari au ndani ya nguzo ya lango waondolewe na mfugaji nyuki, jioni giza likiingia. Masega yao yote yatolewe na tundu lizibwe kwa saruji, kwa kuwa harufu ya nta ya zamani huliita kundi jingine lije kukaa hapohapo.